Kanda ya babu yasingiziwa mluzi wa gari

Kama umepata kusafiri katika gari lenye redio nzuri na waya mbaya, basi mluzi ninaotaka kuusimulia hapa unaujua. Dereva akikanyaga mafuta, nao hupanda; akiachia, nao hushuka; na msomaji wa habari husikika kama mtu aliyeingiwa na mbu sikioni. Wengi huuzoea. Huongeza sauti ya muziki ili kuufunika, na safari ikaendelea. Mimi pia niliuzoea miaka mingi, mpaka mwezi wa Agosti mwaka jana nilipokwenda Biliqo kumwona nyanya yangu, mzaa mama, nikakuta mluzi huo huo uko karibu kuizika mara ya pili sauti ya marehemu babu.

Biliqo ni kijiji cha Waborana katika Kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, si mbali na mto Ewaso Nyiro. Ukitoka mjini Isiolo unaiaga lami, unashika njia ya vumbi ya Gotu na Bulesa, na tangu hapo gari hupigwa na mawe na makorongo mpaka kila nati iliyolegea ijitangaze yenyewe. Naitaja njia hiyo mapema kwa sababu itakuja kuwa shahidi katika kesi yetu.

Mjomba wangu ana pikapu ya dizeli. Huitumia kupeleka mbuzi katika mnada wa Merti na kurudi na unga, sukari na majani ya chai. Ndani yake amefungisha redio ya zamani yenye mdomo wa kanda, amplifaya chini ya kiti cha abiria, na spika mbili kubwa nyuma ya viti. Siku hizo nilizokaa kijijini sikuona chombo kingine kilichoweza kucheza kanda. Simu za mkononi zimezimaliza kanda kama panya wanavyomaliza mahindi ghalani. Kwa hiyo gari la mjomba ndilo lililokuwa mdomo pekee uliobaki wa kusemea kanda ya babu.

Visima

Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1984. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kuambiwa mwaka huo ulikuwaje. Mvua zilikosekana, mto ukakauka, na wanaume wakachimba visima katika mchanga wake ili mifugo isife. Waborana huwa hawateki maji kimya. Mtu mmoja husimama chini kabisa, mwingine juu yake, na mwingine juu ya huyo. Ndoo hurushwa kutoka mkono hadi mkono, na wimbo ndio unaopima mwendo. Wimbo ukisimama, ndoo humpiga mtu kifuani. Zamani ndoo hizo zilikuwa za ngozi ya twiga, nazo zilikuwa na jina lake, okole. Baada ya uwindaji kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na hasa madebe ya plastiki yalipoenea, wengi wakaziacha. Nyimbo hazikuachwa. Ng'ombe naye huujua wimbo wa kisima cha bwana wake, na akiusikia hunyanyua kichwa.

Babu alikuwa kiongozi wa wimbo katika kisima chake. Mjomba, aliyekuwa mvulana wa miaka kumi na sita aliyerudi likizo, aliazima redio-kaseti ya mwalimu, akaiweka chini kando ya hori la udongo, akabonyeza vitufe viwili pamoja. Nusu saa upande wa kwanza, nusu saa upande wa pili. Babu anaanzisha, wenzake wanaitikia kutoka shimoni, naye anawaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao. Alifariki mwaka 1991. Hakuna sauti yake nyingine popote duniani.

Tena hata hiyo moja ni nusu. Miaka kadhaa baada ya mazishi jamaa mmoja aliiazima kanda akaenda nayo mjini, akairudisha ikiwa na mpira wa ligi upande wa pili. Hakuwa na ubaya. Alikosa kanda tupu. Tangu siku hiyo nyanya ameifungia katika kopo la majani ya chai, na kopo halitoki nyumbani kwake. Ndugu zangu wa Nairobi walimsihi mara nyingi awape wakainakili kwa mashine za kisasa. Jibu lake ni lile lile: anayeitaka sauti ya mzee na aje kwa mzee.

Basi nilikwenda. Nilichukua kinasa sauti kidogo kinachotumia betri zake, waya wa kukiunganisha na redio ya gari, pamba, na mfuko wa vifaa vyangu vya zamani. Kazi yangu leo ni kuandika, lakini ujana wangu niliutumia katika kibanda cha kutengeneza redio mjini Isiolo, na mikono husahau polepole kuliko kichwa.

Nilipofika nikakuta mjomba ameshika bisibisi ndogo. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, ilikuwa kanda ya babu.

Baada ya kuamkiana kwa "nagaa", yaani amani, nikauliza kuna nini. Akaniambia kanda imezeeka na sasa inalia. Kila akiicheza, mluzi unamfunika mzee. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemshauri aifungue, autoe utepe na kuusafisha kwa mafuta ya taa.

"Mjomba," nikamwambia, "nakuomba uiweke chini kwanza. Unazo kanda nyingine?"

"Ninazo, lakini mbovu mbovu."

"Hizo mbovu ndizo ninazozitaka."

Hapo msomaji atanisamehe nikisema kwamba katika kazi hii kosa kubwa kuliko yote ni kumhukumu yule anayeonekana dhaifu. Kanda ya miaka arobaini na zaidi ni mshitakiwa rahisi. Lakini hebu fikiri. Mluzi ule ulipanda mjomba alipokanyaga mafuta na kushuka alipoachia. Kanda iliyorekodiwa mwaka 1984 kando ya hori la ng'ombe itajuaje mguu wa mjomba uko wapi leo? Kanda ina kelele zake, nazo ni nyingine kabisa. Kaseti ndogo hizi, zilizotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, zina utepe mwembamba usiofika milimita 4 kwa upana, nao hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo usiofika sentimita 5 kwa sekunde. Ufinyu huo na polepole hiyo huzaa mvumo laini, kama mchanga unaomwagika juu ya karatasi. Mvumo huo haujui injini. Haupandi wala haushuki.

Kabla ya lolote jingine nilivunja vile vikonyo viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kanda, ambavyo vikishaondoka mashine haiwezi tena kurekodi juu yake. Kama vingevunjwa mwaka 1984, leo tungekuwa na saa nzima ya babu badala ya nusu. Kisha nikairudisha kwenye kopo. Utepe wa zamani haufanyiwi majaribio.

Mashahidi

Kelele za redio ya gari zina umri sawa na redio yenyewe. Mwaka 1930 mfanyabiashara mmoja wa Chicago, Paul Galvin, aliyekuwa na kampuni ndogo, alitaka kuuza redio ya kufungwa garini. Vijana wawili, William Lear na Elmer Wavering, walimsaidia. Kupata redio inayoingia garini hakukuwa shida kubwa kama kupata redio inayosikika ndani ya gari linalonguruma, maana plagi na waya za moto za injini zilikuwa zikirusha cheche, na kila cheche ilisikika katika spika. Walizitafuta kelele moja moja na kuzinyamazisha. Mwezi wa Juni mwaka huo Galvin aliendesha gari mpaka Atlantic City kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa redio, na kwa kuwa hakuwa na kibanda ndani, akaegesha nje akawachezea wapita njia. Redio hiyo ikaitwa Motorola. Kinachonichekesha ni kwamba Wavering huyo huyo baadaye akawa miongoni mwa walioleta alteneta katika magari, na alteneta ndiyo mama wa mluzi tuliokuwa nao Biliqo.

Gari la mjomba ni la dizeli, na dizeli haina plagi za kurusha cheche. Laiti ingekuwa petroli, na kelele ingekuwa ya kudonadona, tak-tak-tak inayofuata mzunguko wa injini, tungeanzia kwenye plagi na waya zake. Sauti yetu haikudona. Ilipiga mluzi mmoja mrefu. Alteneta huzaa umeme unaokwenda na kurudi katika koili zake tatu, na dayodi sita huunyoosha ili uweze kuingia katika betri. Haunyooki ukanyooka kabisa. Hubaki na viwimbi vidogo, na kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo viwimbi vinavyosongamana na sauti yake kuwa nyembamba. Kila gari linavyo. Swali ni kwa nini gari moja linavisikilizisha watu na jingine linavimeza.

Wako watakaouliza: si mngezima injini mkasikiliza kwa betri? Betri ya mjomba ilikuwa mzee mwenzake babu. Injini ikizimwa, redio ilikaa dakika chache ikafifia, na redio ya aina hiyo ikikatika umeme kanda ikiwa ndani, kile kigurudumu cha mpira hubaki kimeukandamiza utepe na kuutia kovu. Tuliomba betri ya sola dukani. Mwenye duka alituonyesha simu za nusu ya kijiji zikiwa zimening'inia kwake zikichaji, akatuuliza ni nani kati yetu atakayewaeleza wenyewe. Tukaondoka.

Jaribio la kwanza halikuhitaji kifaa chochote. Niliweka kanda mbovu, mjomba akawasha injini, nikapunguza sauti ya redio mpaka muziki ukapotea kabisa. Mluzi ukabaki pale pale, haukupungua hata chembe. Jambo hilo dogo linasema mengi. Kelele inayopungua pamoja na sauti inaingia kabla ya kile kitufe cha sauti: katika kanda, kichwa cha kusomea, au eriali. Kelele isiyojali kitufe inaingia baada yake. Kwa hiyo kanda iliachiliwa huru, na mashine ya kanda pia. Mjomba aliitazama bisibisi yake, kisha akaitia mfukoni bila kusema neno.

Pili nilitaka kujua kama alteneta yenyewe ni mgonjwa. Niliweka mita kwenye ncha za betri, injini ikiwaka. Upande wa umeme ulionyooka ilisoma volti 14 na kidogo, jambo zuri. Upande wa umeme wa kwenda na kurudi ilisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Dayodi ingekuwa imekufa, tungeona viwimbi vikubwa zaidi. Nieleze pia jambo ambalo nimeona likifanywa katika vibanda vingi: fundi huondoa waya wa betri injini ikiwaka ati apime kama alteneta inafanya kazi. Usikubali. Umeme hukosa pa kwenda, huruka juu ghafla, na unaweza kuua redio, dayodi na taa kwa mpigo mmoja.

Tatu tulizima kila kitu, nikachomoa waya za sauti zinazotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, tukawasha tena. Kimya. Spika zilikaa kama zimefariki. Basi amplifaya haikuwa ikipata mluzi kutoka kwenye waya wake wa umeme. Ulikuwa ukiletewa na waya wa sauti. Nikakiunganisha kinasa sauti changu na amplifaya moja kwa moja, kikitumia betri zake kikiwa juu ya kiti na hakigusani na gari popote. Muziki ukatoka safi, injini ikinguruma. Hapo nilicheka, maana nilikwisha kumjua mwizi na nilijua amelala wapi.

Athi

Mafundi wetu huuita waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari "athi". Gari zima, kwa bodi yake ya chuma, ni njia ya kurudia betrini. Watu hujali sana waya wa moto, ule unaoleta umeme, lakini wa kurudi huufunga kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwa heshima zote kisha akamwacha atafute mwenyewe njia ya kutokea.

Ndivyo ilivyokuwa. Athi ya redio ilifungwa kwenye skrubu ya dashibodi. Athi ya amplifaya ilifungwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi, na chini ya rangi palikuwa na kutu. Niliweka ncha moja ya mita hapa na nyingine kule, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Sehemu hizo mbili, ambazo zote zingepaswa kuwa sawa na hasi ya betri, zilipishana kwa volti 0.3. Ni kidogo mno, utasema. Lakini sauti inayopita katika waya kwenda kwenye amplifaya ni umeme mdogo pia, hata sehemu ya kumi ya volti ni muziki. Waya huo una uzi wa katikati unaobeba sauti na wavu wa shaba unaouzunguka, na wavu umeshikamana na athi huku na huku. Umeme uliokosa njia nzuri kupitia bolti yenye kutu ukaona wavu ni daraja. Ulipovuka ukavuka na viwimbi vya alteneta mgongoni, na amplifaya, ambayo haijui kuchagua, ikavikuza pamoja na babu.

Njia ya Gotu ilifanya yaliyobaki. Bolti hutikisika, vumbi huingia, mvua chache zinazokuja huleta unyevu, kutu inakula. Sina shaka siku gari lilipofungwa redio lilikuwa likiimba vizuri. Aliyelifunga hayuko Biliqo na sikumtafuta.

Dawa ilichukua alasiri nzima, na haikununuliwa. Mjomba alikuwa tayari amenunua kichujio cha kelele mjini, kidude chenye waya nne, akakiunganisha bila kupata nafuu. Vidude hivyo vina mahali pake, lakini kumpa mgonjwa dawa ya kikohozi wakati ana mwiba mguuni ni kupoteza dawa. Nilikiondoa. Kisha nikachagua sehemu moja nene ya bodi, nikaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Nikaleta hapo athi ya amplifaya kwa waya mnene na mfupi, na athi ya redio kwa waya wake, zote mbili chini ya bolti moja. Nikapaka grisi juu ili kutu isirudi. Mbele, chini ya boneti, ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi ulikuwa mweusi kama mkaa. Nao tukaufungua, tukausugua, tukaukaza. Waya wa sauti tuliukuta umelala ubavu kwa ubavu na waya mnene wa betri tangu mbele hadi nyuma. Tukauhamishia upande wa pili wa gari.

Mjomba aliuliza kwa nini tusiiondoe tu athi ya redio, kama umeme unavuka kupitia huko. Ni swali zuri na wengi wamelijibu kwa vitendo. Redio isiyo na athi haifi. Hutafuta athi nyingine kupitia waya wa sauti au wavu wa eriali, na nyuzi zile nyembamba hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Mara nyingi ndizo zinazoungua.

Tuliwasha jua likiwa linazama. Mluzi ule mkubwa haukuwapo. Lakini nilipotega sikio nikasikia mwingine, mwembamba, usiojali mguu wa mjomba hata kidogo. Nilianza upya kwa uchovu, nikachungulia chini ya kiti, nikashika kila waya. Dakika ishirini nzima. Mwishowe nikaufuata kwa macho waya mweupe uliotoka kwenye tundu la kiwasha sigara, ukapita juu ya dashibodi, ukatokea dirishani hadi mkononi mwa binamu yangu aliyekuwa ameegemea mlango akiichaji simu yake na kututazama tukihangaika. Chaja za namna hiyo hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha, na zile za bei rahisi hazina adabu. Aliichomoa. Kimya kikaja, kimya chenye uzito, kama cha nyumba baada ya wageni kuondoka.

Hori

Kesho yake asubuhi nilikisafisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti kidogo niliyoipata zahanati. Pamba ilitoka na rangi ya kahawa. Nikaunganisha kinasa sauti changu, nikasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba kanda hii itachezwa mara moja tu leo, kwa hiyo atakayekohoa akohoe sasa.

Nyanya aliletwa akaketishwa kiti cha abiria. Ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yamepungua, lakini masikio yake ningeyataka mimi. Watoto walijaa nyuma ya pikapu. Injini ilinguruma polepole, na ngurumo hiyo ya nje haikumsumbua mtu. Watu wa huko wamezoea kuisikiliza redio katika magari yanayonguruma tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, wakati matangazo ya Kiborana yalipowakusanya wazee kando ya gari lolote lililosimama.

Utepe ulianza na mvumo wake wa mchanga. Kisha akaja. Sikuwa nimemsikia tangu nikiwa mtoto. Sauti yake ilikuwa juu kuliko nilivyoikumbuka, karibu sauti ya kijana, na wale waliokuwa shimoni walimjibu kwa mbali kama watu walio ndani ya mtungi. Ng'ombe walilia. Maji yalisikika yakimwagwa. Nyanya hakulia wala hakucheka. Midomo yake ilikwenda na ya babu, akimtangulia kidogo kila alipokaribia kutaja ng'ombe.

Lakini palikuwa na kitu kingine. Ko, ko, ko. Kudona kwa kitu kikavu, sasa haraka, sasa taratibu, na kwa karibu sana. Moyo ulinishuka. Nilidhani magurudumu ya kanda yanagonga gamba lake na kwamba tunauchana utepe. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha kusimamisha. Binamu yangu akaninong'oneza nisijali, simu yake ina programu ya kuondoa kelele. Nikimpa nakala ataisafisha yote jioni, pasibaki ila wimbo.

Nikafanya kile nilichokifanya jana yake. Nikakishusha kitufe cha sauti kidogo. Kudona kukashuka pamoja na babu, sawasawa. Basi kulikuwa kumo ndani ya kanda. Na hakukuwa na mwendo wa gurudumu, maana gurudumu halichoki likapumzika kisha likaanza tena.

"Nyanya," nikasema, "unakisikia hicho kinachogonga?"

Aliinua kidevu akakielekeza kwa mjomba aliyekuwa amesimama nje ya dirisha.

"Ni huyu," akasema. "Alipewa kazi ya kuwazuia ng'ombe wasijisukume horini kabla ya zamu. Akawa anapiga hori kwa fimbo. Siku nzima anapiga. Baba yake alimkataza."

Mjomba alisogea, akaweka mikono yake miwili juu ya mlango. Ameimiliki kanda ile miaka yote hiyo, ameisikiliza sijui mara ngapi kabla haijaanza kufunikwa, na usoni mwake niliona kwamba hakuwa amepata kulijua hilo. Ko, ko, ko, ko. Kisha katikati ya beti mbili, wakati waitikiaji wakivuta pumzi, sauti ya babu ikatoka nje ya wimbo, kavu na fupi, ikasema neno moja la Kiborana ambalo baba yeyote humwambia mtoto anayemchosha. Kugonga kukakoma. Wimbo ukaendelea.

Watoto walioko nyuma waliangua kicheko. Binamu yangu aliitia simu yake mfukoni.

"Rudisha nyuma kidogo," mjomba akasema.

Nilimkumbusha nilichokuwa nimesema kuhusu utepe wa zamani, kwamba ni mara moja tu.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.